Kujaribu na Kujaribu: Magari ya Beringi kwenye Mteremko wa Iringa, 1986

Kitenzi kujaribu katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo mazungumzo ya kila siku hayana haja ya kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuthubutu jambo ambalo mtu hana hakika nalo, kama afanyavyo anayejaribu kuogelea au anayejaribu bahati yake. Ya pili ni kukipima kitu ili kijulikane kilivyo, kama afanyavyo fundi anayejaribu breki kabla ya kumkabidhi mwenye gari ufunguo wake. Nomino zilizotokana nacho zimegawana maana hizo kwa namna ya kutatanisha, kwa kuwa jaribio ni neno la maabara na papo hapo ni neno la wapinduzi walioshindwa, ilhali majaribu ni mambo ambayo watu huomba yawapite. Makala haya yanahusu kipindi cha wiki tano, tangu mwanzoni mwa Juni hadi Sabasaba ya mwaka 1986, ambapo watoto sita wa mtaa mmoja wa Iringa mjini, mwandishi akiwa miongoni mwao na akiwa darasa la sita, waliunda magari matatu ya mbao yasiyo na injini kwa ajili ya shindano la kuteremka kilima, wakayajaribu kwa maana ya kwanza, kisha kwa kuchelewa, na kwa gharama itakayoelezwa, wakaanza kuyajaribu kwa maana ya pili.

Kilichofufua kumbukumbu hiyo ni mjadala wa elimu. Tangu mitaala iliyoboreshwa ianze kutumika Tanzania Januari 2024, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, maneno vitendo, umahiri na amali hayabanduki midomoni mwa walimu na wazazi, huku Kenya ikiwa imeanza safari inayofanana na hiyo kwa mtaala wa umilisi miaka kadhaa kabla. Shule huandaa maonyesho ya kazi za wanafunzi, na katika mojawapo ya maonyesho hayo, ambalo mwandishi alialikwa kulitazama, mwanafunzi alisimama nyuma ya pampu ya maji iliyoundwa kwa mabomba ya plastiki na mpira wa ndani wa baiskeli, akaikanyaga mara tatu, maji yakaruka, wageni wakapiga makofi. Alipoulizwa pampu hiyo ilikuwa imegoma mara ngapi kabla ya siku ile, na iligoma kwa sababu gani, mwalimu wake alimwahi kujibu kwamba haijawahi kugoma hata siku moja. Jibu lilitolewa kwa fahari. Mwanafunzi, ambaye bila shaka aliujua ukweli kuliko mwalimu, alitazama chini.

Gari la beringi, kwa wasiolifahamu, ni fremu ya mbao inayotembea juu ya vyuma vitatu au vinne ambavyo kwa hakika si magurudumu bali ni beringi za magari makubwa, yaani zile pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati, zinazoliwezesha gurudumu la lori kuzunguka bila kusagana na kinacholishikilia. Pete ya ndani hugongomelewa kwenye ncha ya mti uliochongwa, mti huo ukawa mhimili. Pete ya nje ndiyo hukanyaga barabara, na kelele yake juu ya lami husikika mtaa wa pili. Mhimili wa mbele hushikwa na bolti moja katikati ili uweze kugeuka, dereva huuelekeza kwa nyayo zake au kwa kamba iliyofungwa kwenye ncha zote mbili, na breki, inapokuwapo, ni kandambili inayosuguliwa kwenye lami. Hakuna nguvu nyingine inayoliendesha isipokuwa uvutano wa dunia. Waingereza na Wamarekani huyaita magari ya jamii hii kwa jina la kasha la sabuni, kwa sababu watoto wao waliyaunda kwa makasha ya mbao yaliyotumika kupeleka sabuni madukani. Iringa, ambako miaka michache tu kabla ya 1986 sabuni ilikuwa bidhaa ya kupangia foleni, kasha lililopatikana lilikuwa la chai ya Mufindi, la mbao nyembamba zilizofungwa kwa bati pembeni, na ndilo lililokuwa kiti cha gari la mwandishi. Mbao nyingine zilikuwa misindano ya Sao Hill, laini na yenye mafundo, ambayo hupasuka ukiutazama msumari vibaya.

Beringi zilitoka Ipogolo, chini ya kilima ulipo mji, ambako barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia hupita na ambako gereji za malori hazikosi vyuma vya kutupwa. Watoto walizichagua kwa kipimo walichokiamini kabisa: beringi ilishikwa kwa kidole cha kati kilichopitishwa ndani yake, ikazungushwa kwa mkono mwingine, na iliyozunguka muda mrefu zaidi ndiyo iliyokuwa bora. Ili izunguke zaidi iliogeshwa kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ikatoka, na hapo ilizunguka kweli, ikiimba kama nyuki. Fundi mmoja mzee, baada ya kuitikia shikamoo zao, alitazama mchezo huo kwa muda kisha akaichukua beringi iliyosifiwa kuliko zote, akaipachika kwenye kipande cha bomba, akaegemeza uzito wake juu ya bomba na kuibingirisha sakafuni. Ilikwaruza kama kinu cha kahawa chenye mchanga. "Wanangu, hii mmeikausha," alisema, "na ilikuwa imeshakwisha kabla yenu." Kisha akafanya vilevile kwa beringi nyingine, nzito, yenye grisi nyeusi, ambayo kidoleni ilizunguka mara mbili na kusimama, na hiyo ikapita chini yake bila sauti yoyote.

Kipimo cha kidole hakikuwa cha uongo, kwa maana kilipima jambo la kweli, yaani ni muda gani beringi huzunguka ikiwa haina mzigo. Kasoro yake ni kwamba hakuna beringi inayofanya kazi ikiwa haina mzigo. Grisi huizuia kidogo inapozunguka bure kidoleni, lakini ndiyo hutenganisha gololi na pete mtoto wa kilo 35 anapokaa juu yake, na beringi iliyolegea kwa kulika huzunguka vizuri hewani kwa sababu ileile inayoifanya itetemeke barabarani. Mwandishi amekutana na kipimo cha kidole mara nyingi tangu wakati huo, katika ofisi zinazopima kazi kwa idadi ya vikao na katika mitihani inayompima fundi umeme kwa kumtaka aorodheshe faida tano za fyuzi.

Mteremko uliochaguliwa ulikuwa kipande cha lami chakavu chenye urefu wa hatua 210 za mtoto, karibu mita 150, kilichoishia kwenye tambarare fupi na, baada ya tambarare, mtaro na shamba la mahindi. Kwa siku kadhaa za mwanzo kila mwenye gari aliliteremsha la kwake, rafiki yake akimsukuma kwa nyuma, na mahali gari liliposimama palichorwa mstari kwa kipande cha mkaa. Mistari hiyo ilizua ugomvi kila jioni, kwa kuwa kila gari lilishinda siku ambayo mwenye gari hilo alikuwa na msukumaji mwenye nguvu. Suluhisho lilikuja baada ya ugomvi mkubwa zaidi, na lilikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha: ubao mmoja ulishikiliwa na watu wawili mbele ya magurudumu, gari likaegemea ubao huo kwa uzito wake lenyewe, kisha ubao ukainuliwa kwa pamoja. Msukumaji akawa ameondolewa. Watoto wale hawakujua kwamba walikuwa wamegundua upya lango ambalo mashindano ya Marekani yalikuwa nalo miaka mingi kabla, na wasingejali kama wangejua. Kilichowashangaza ni kwamba siku ya kwanza ya ubao magari yote matatu yalikwenda polepole kuliko walivyozoea, na mwenye gari lililosifiwa zaidi alikataa kulitumia tena mpaka ubao uondolewe.

Hapo ndipo mtunza saa alipoingia. Alikuwa msichana pekee katika kundi, dada wa mmoja wa wavulana, na aliingizwa kwa sababu kaka yao mkubwa alikuwa na saa ya Casio yenye uwezo wa kuhesabu sekunde na hakukubali iguswe na mtu mwingine. Wanaosoma historia ya sayansi hukumbuka kwamba Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza jinsi alivyobingirisha mpira wa shaba kwenye mfereji wa mti ulioinamishwa na kupima muda kwa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo, ambayo baadaye aliyapima kwa mizani. Aliuinamisha mti kwa sababu kitu kinachoanguka wima huenda kasi mno kupimika, na mteremko hukipunguza bila kubadilisha kanuni inayokiongoza. Kilima cha Iringa kilifanya kazi hiyohiyo bure. Mtunza saa alikuwa na daftari la kurasa 48, akalichora mistari, akaandika gari, dereva na sekunde, na bila kuambiwa na mtu akaongeza safu ya nne aliyoiita "muda wa siku", kwa sababu, kama alivyoeleza, mwalimu wa hali ya hewa shuleni aliwataka waandike hivyo kila waliposoma kipimajoto.

Safu hiyo ya nne ndiyo iliyookoa wiki nzima ya kazi. Gari la kwanza lilikuwa likichukua sekunde 38 na hata 39, la tatu sekunde 35, na kundi lilikwishakubaliana kwamba la kwanza livunjwe na mbao zake zitumike kwingine. Mwenye gari hilo alitakiwa kumsaidia mjomba wake dukani kila alasiri, kwa hiyo majaribio yake yote yalifanyika asubuhi mapema. La tatu, ambalo mwenyewe alipenda kulala, lilijaribiwa mchana. "Mbona hili halijawahi kuteremka jua likiwa limewaka?" aliuliza mtunza saa, na hakuna aliyekuwa na jibu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Juni ni mwezi wa watu kusalimiana kamwene mikono ikiwa ndani ya makoti. Grisi iliyolala nje usiku kucha huwa nzito kama ugali uliopoa, na gololi zinazopita ndani yake hufanya kazi ambayo saa saba mchana hazina haja ya kuifanya. Jumapili moja magari yote mawili yaliteremshwa mchana, yakifuatana moja baada ya jingine, na tofauti ya sekunde nne ikabaki nusu sekunde.

Kilichokuwa kikilinganishwa, kwa maneno mengine, ni asubuhi na mchana, na magari yalikuwa mashahidi tu. Somo hilo huonekana dogo likielezwa kwa grisi, lakini mtu akiangalia jinsi shule moja inavyosifiwa na nyingine kulaumiwa kwa matokeo ya mtihani, wakati moja hupokea watoto walioshiba na nyingine watoto waliotembea saa mbili bila uji, atakuta safu ya nne imeachwa wazi.

Tatizo lililobaki lilikuwa gari la pili, lililochukua sekunde 37 asubuhi na mchana bila kubadilika. Wenye maoni walikuwa wengi: mbao nzito, beringi mbaya, dereva mwoga. Njia waliyoitumia kuamua ilitokana na uchovu wa kubishana, na mwandishi bado huiona kuwa jambo la akili kuliko yote waliyofanya mwezi ule. Beringi zote nne za gari la pili zilihamishiwa gari la tatu, na za gari la tatu zikahamishiwa la pili, kazi iliyokula siku nzima kwa kuwa beringi iliyogongomelewa kwenye mti haitoki kwa hiari, na mhimili mmoja wa mbele ukapasuka. Kama uzito wa mwendo ungehama pamoja na beringi, kosa lingekuwa la beringi. Kama ungebaki, kosa lingekuwa la gari. Ulibaki.

Basi gari likapinduliwa chini juu, na mtoto wa seremala akaleta kamba. Ncha moja iliwekwa kwenye bolti ya mhimili wa mbele, kamba ikavutwa kwa mshazari mpaka kwenye beringi ya nyuma kulia, ikafungwa fundo mahali ilipofika, kisha ikapelekwa kwenye beringi ya nyuma kushoto bila kuisogeza kwenye bolti. Fundo lilipita beringi hiyo kwa upana wa vidole vitatu. Mhimili wa nyuma ulikuwa umepigiliwa upande, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalikuwa yakilisukuma gari kando tangu lilipoundwa, na dereva, bila kujua, alikuwa akilikaza kwa mguu wa kushoto njia nzima ili liende mbele, beringi zote zikijikwangua kwenye lami badala ya kubingirika. Alipoambiwa aonyeshe mguu wake alikubali kwamba paja la kushoto lilikuwa likimuuma kila jioni na kwamba alidhani ni baridi. Misumari iling'olewa, mhimili ukanyooshwa mpaka fundo likalingana pande zote mbili, na kesho yake mchana daftari likaandikwa sekunde 35.

Kubadilishana magurudumu si jambo la watoto wa Iringa peke yao. Katika mashindano makubwa ya Marekani, yaliyotokana na Myron Scott, mpigapicha wa gazeti la Dayton, Ohio, aliyewakuta watoto wakishindana mwaka 1933 na mwaka uliofuata akaandaa mbio za taifa zima, ambazo mwaka 1935 zilihamia mji wa Akron wenye vilima, utaratibu wa mchujo katika maeneo mengi ni kwamba magari mawili yakishashindana hubadilishana njia na hata magurudumu, kisha hushindana tena, na tofauti za muda za mbio zote mbili hujumlishwa, ili gari lisishinde kwa sababu ya upande laini wa barabara. Utaratibu huo haukatai kwamba watu watatafuta upenyo, unajaribu kuuzingira. Mwaka 1973 bingwa wa Akron, mvulana wa miaka 14, alinyang'anywa ushindi siku mbili baada ya kuupata, ilipogundulika kwamba puani mwa gari lake kulikuwa na sumaku-umeme, yaani sumaku inayofanya kazi pale tu umeme unapopita ndani yake, iliyolivuta gari mbele wakati bati la chuma la lango la kuanzia lilipokuwa likianguka. Mjomba wake alihusika. Inavutia kwamba udanganyifu uliwekwa langoni, mahali palepale ambapo watoto wa Iringa walikuwa na msukumaji wao.

Suala la uzito lilileta shule uwanjani. Mvulana mnene kuliko wote alikuwa akiteremka haraka kuliko wenzake katika gari lolote, na mfuko wa mawe uliokadiriwa kuwa wa kilo 10, ukifungwa nyuma ya dereva mwembamba, ulipunguza muda kutoka sekunde 36 hadi 35. Mwalimu wa sayansi, alipoulizwa, alisema haiwezekani, kwa kuwa vitu vyote, vizito na vyepesi, huanguka kwa mchapuko uleule, mchapuko ukiwa ni kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde. Hakukosea. Alijibu kuhusu mahali pasipo hewa, wakati kilima kilikuwa na hewa, na nyingi, kwa sababu Juni huko huvuma upepo. Uvutano huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, na msuguano wa magurudumu nao huongezeka takriban kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo hivyo viwili hufutana. Lakini hewa haimuulizi dereva ana kilo ngapi, humkinza kwa ukubwa wa kifua chake na kwa kasi yake tu, na ukinzani uleule humrudisha nyuma mwepesi kuliko mzito. Ushahidi ulipatikana bila mawe: dereva yuleyule, katika gari lilelile, alipoteremka amelala chali badala ya kukaa wima, aliokoa sekunde moja. Masomo ya msingi yalikuwa kwa Kiswahili, neno msuguano lilikuwa kwenye daftari la kila mtoto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kudhani kwamba lilimaanisha kitu kilichokuwa kikimuuma pajani au kumpuliza usoni.

Breki zilijaribiwa pia, na maelezo yake ni mafupi kwa sababu majaribio yenyewe yalikuwa mafupi. Gari lilisukumwa kwenye tambarare kwa kasi ya mtoto anayekimbia polepole, labda kilomita 10 kwa saa, dereva akakanyaga kandambili, gari likasimama ndani ya hatua mbili, mtunza saa akaandika "breki nzuri". Kwa mteremko unaochukua sekunde 35 kwa mita 150, kasi ya gari mwishoni mwa kilima hukaribia kilomita 30 kwa saa, yaani mara tatu ya kasi ya jaribio. Nishati mwendo, ambayo ndiyo breki hutakiwa kuimaliza, haiongezeki mara tatu kasi ikiongezeka mara tatu. Huongezeka mara tisa. Hatua mbili zingekuwa angalau hatua 18, kwenye lami kavu. Asubuhi ya Juni 29, siku nane kabla ya shindano, lami ilikuwa na manyunyu, aliyekuwa ameketi kwenye kasha la chai alikuwa mwandishi, na tambarare ilikuwa na hatua 15. Kandambili iliteleza, kisha ikatoboka, kisha ukaja mtaro.

Mkono wa kushoto ulivunjika juu kidogo ya kifundo na ukafungwa hogo kwa wiki sita. Mama yake mwandishi, alipofika hospitali na kukuta damu ilikuwa ya pua tu, aliuliza swali moja: "Mlikuwa mnajaribu nini?" Alijibiwa kwamba walikuwa wanajaribu breki. Jibu lilikuwa la kweli kwa maana zote mbili za kitenzi, na pengine hakuna siku nyingine ambayo maana hizo zilikaribiana kiasi hicho. Angeulizwa uamuzi wake wa mtu mzima juu ya watoto wale, mwandishi angesema kwamba hawakuwa wazembe. Walipima kila kitu walichokipenda. Kasi ilipimwa kwa saa, kwa ubao, kwa kamba na kwa mawe, mara kadhaa kwa siku, mwezi mzima. Kusimama kulipimwa mara moja, mahali palipo salama, na mtu aliyetaka jibu liwe ndiyo. Wazazi hawakuliona hilo kwa jicho hilo, na magari mawili yaliyobaki yalinusurika kuwa kuni kwa sababu tu fundi wa Ipogolo alijitolea kuyawekea breki za kipande cha tairi kinachokandamizwa na wenzo, nazo zilijaribiwa kwanza kutoka robo ya kilima, halafu nusu, halafu juu kabisa, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando ya mtaro na mikono nyuma.

Shindano lenyewe halichukui nafasi kubwa katika kumbukumbu hii. Siku ya Sabasaba barabara ya lami ilifungwa kwa ajili ya msafara wa kiongozi ambaye hakupita, na vijana waliokuwa wameandaa mbio wakazihamishia mteremko mwingine, wa vumbi na changarawe. Beringi za chuma, nyembamba kama zilivyo, zilizama kwenye vumbi hilo kama visu. Gari la tatu lilifika nusu ya njia na kusimama lenyewe. La pili, lililonyooka kwa kipimo cha kamba, lilisimama limenyooka. Mshindi alikuwa mvulana kutoka upande wa Kihesa ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya mazoezi, mwenye gari zito la magurudumu ya mti, mapana kiasi cha kiganja, yaliyokatwa kwenye gogo na kuvishwa mpira wa tairi kuukuu. Magurudumu ya namna hiyo, mapana, ya mti, yaliyovishwa mpira, ndiyo yanayobeba chukudu za Goma, zile baiskeli za mti zisizo na pedali ambazo wenyeji wa Kivu huziteremsha zikiwa na magunia ya mkaa na viazi kutoka vijiji vya juu, kisha huzisukuma kupanda bila mzigo, na ambazo mji huo umezijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Daftari la kurasa 48 lilikuwa sahihi kwa kila mstari wake, na kila mstari ulihusu lami.

Mtunza saa aliandika matokeo ya siku ile pia, akiwemo mshindi, na kwenye safu ya nne, chini ya "asubuhi" na "mchana" nyingi, akaandika "vumbi".

Katika yale maonyesho ya shule, wageni walipokwenda kunywa soda, mwandishi alirudi kwenye meza ya pampu, akamsalimu mwanafunzi na kumuuliza tena, kwa sauti ya chini, iligoma wapi. Kijana alitazama kwanza mwalimu alipo. Kisha akainama chini ya meza, nyuma ya kitambaa cha rangi ya bendera kilichofika sakafuni, akatoa kopo la maziwa ya unga na kulifungua. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mpira wa baiskeli vilivyokatwa duara, vali kumi na moja zilizochanika, na karibu zote zilikuwa zimechanika upande uleule. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza, akieleza.